Saa 140 na Masomo Matano

Mwanzoni mwa Machi 2023 mpwa wangu alifika kwangu Morogoro akiwa na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Alikuwa kidato cha sita, tahasusi ya PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, katika shule ya bweni iliyowapa ruhusa ya siku tisa baada ya mtihani wa utamilifu, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alimwagiza aje kwangu badala ya kwenda nyumbani Dar es Salaam, kwa sababu nyumbani kulikuwa na runinga, wadogo zake watatu, na maandalizi ya harusi ya jirani ambayo yasingempa mtu yeyote nafasi ya kufungua daftari. Aliniamkia, akanywa maji, kisha akanipa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matokeo: Biolojia 71, Kemia 58, Fizikia 43, BAM (hisabati tumizi ya msingi) 52, GS (maarifa ya jumla) 60. Ya pili ilikuwa ratiba aliyoichora ndani ya basi, ambamo kila somo lilipewa saa moja kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, bila kubagua.

Nilimuuliza kwa nini masomo yote yamepata sawa. Akanijibu, "Mjomba, nimeona nikiyapa sawa hakuna litakalolalamika." Nilipompigia simu mama yake jioni hiyo kumjulisha kwamba mtoto amefika salama, naye alikuwa na mawazo yale yale: masomo ni kama watoto, ukimpendelea mmoja utawaharibu wote. Namheshimu sana dada yangu, na katika malezi yuko sahihi, lakini somo halina moyo wa kuumia. Somo lina mtihani wenye alama 100, na kila mpaka wa gredi una mahali pake. Anayegawa saa zake sawasawa huwa hajagawa chochote, bali ameahirisha uamuzi, na uamuzi huo utafanywa baadaye na usingizi au woga.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilifanya mtihani wangu wa kidato cha sita Februari 2005, enzi ambazo ulikuwa bado unafanyika Februari na si Mei kama ilivyo siku hizi, kwa hiyo likizo ya Desemba ndiyo iliyokuwa ngwe yetu ya mwisho. Nilisoma PCM. Nilinunua karatasi ya manila, nikachora ratiba kwa kalamu za rangi tatu, hisabati bluu, fizikia nyekundu, kemia kijani, kila somo saa mbili kila usiku, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Niliifuata kwa siku nne. Kuanzia siku ya tano, kila nilipochoka nilijikuta narudi kwenye hisabati, kwa kuwa nilikuwa naipenda na ilikuwa inanipa raha ya kupata jibu, wakati kemia, hasa ile sehemu ya misombo ya kaboni, ilikuwa inanionyesha kila ukurasa jinsi nisivyojua. Ratiba ilibaki ukutani ikisema saa mbili za kemia, nami nilibaki mezani nikisolvu hisabati ambazo nilikwisha kuziweza tangu kidato cha tano. Matokeo yalipotoka nilipata B ya hisabati, D ya fizikia na E ya kemia: daraja la pili, pointi 11. Saa zote zile za ziada za hisabati hazikuninunulia hata A.

Nilipojumlisha pointi za mpwa wangu kwenye karatasi ile ya utamilifu, B ni 2, D ni 4, E ni 5, nikapata 11. Sikumwambia mara moja.

Kwa msomaji ambaye amesahau, au ambaye hakupita njia hii, mpangilio wa gredi za kidato cha sita ni huu: A huanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, na chini ya hapo ni F. Baraza la Mitihani hutoa pointi 1 kwa A hadi pointi 7 kwa F, kisha hujumlisha masomo matatu ya tahasusi. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 ni la pili, 13 hadi 17 ni la tatu. BAM na GS hazimo katika hesabu hiyo. Halafu, ukivuka kwenda kwenye udahili wa vyuo vikuu, hesabu inageuzwa kichwa chini: kwa Tume ya Vyuo Vikuu A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, kwa hiyo pointi nyingi zinakuwa ndiyo baraka. Nimewahi kuona mzazi akishangilia pointi chache na mwingine akishangilia pointi nyingi katika kikao kimoja cha familia, na wote wawili walikuwa sahihi.

Mpwa wangu alikuwa anataka udaktari wa binadamu. Vigezo vya chini vya udahili kwa shahada hiyo vilikuwa angalau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani jumla isiyopungua pointi 6. Tulipozihesabu pointi zake kwa mtindo wa Tume, alikuwa na 4 za Biolojia, 2 za Kemia na 1 ya Fizikia, jumla 7. Alitabasamu, kwa kuwa 7 ni zaidi ya 6. Ilibidi nimwonyeshe kwamba kwa matokeo yale asingeweza hata kujaza fomu, kwa sababu E ya Fizikia ingemfungia mlango kabla mtu yeyote hajajumlisha kitu. Angeweza kupata A ya Biolojia, akafikisha pointi 8, na bado mlango ungebaki umefungwa.

Hapo ndipo mgawanyo wa muda ulipoanza kuwa na maana kwake. Alama 7 za kuitoa Fizikia kutoka 43 hadi 50 hazikuwa sawa na alama 9 za kuitoa Biolojia kutoka 71 hadi 80, ijapokuwa kwenye karatasi zote ni alama tu. Hizi za kwanza zilikuwa ni ama udaktari au la. Zile za pili zilikuwa nyongeza nzuri kwa mtu aliyekwisha kuingia. Ni kweli kwamba kigezo cha chini si dhamana ya nafasi, kwa kuwa vyuo vya serikali vinavyofundisha udaktari hujaa watu wenye pointi nyingi kuliko hizo, lakini huwezi kushindania nafasi ambayo huruhusiwi kuiomba.

Kosa ambalo nililiona linakaribia, na ambalo hufanywa na wanafunzi wengi wakishagundua somo linalowazuia, ni kulihamia somo hilo lote, mchana na usiku, kama mtu anayezima moto. Mpwa wangu alikuwa tayari kufuta ratiba yote na kuandika Fizikia kila mahali. Nikamwomba asubiri. Mimi ni mpima ardhi, na katika kazi yetu hatukiamini kipimo kilichosomwa mara moja. Alama 71 za utamilifu ni kipimo kimoja, kilichosomwa siku moja, kwa maswali fulani, na mwalimu fulani aliyesahihisha akiwa na rundo la karatasi mbele yake. Siku nyingine mtoto yuleyule angeweza kupata 67 au 75. Yeye alikuwa anaiona Biolojia kama somo lililokwisha kwa sababu lina B, lakini alama 71 imesimama kizingitini. Ikiteleza kwa alama mbili tu, inaangukia C. Kemia ya 58 ilikuwa katika hali ya kinyume chake, kwa kuwa ilikosa alama mbili tu kuingia C, na alama mbili kwa kawaida hupatikana kwa bei ndogo. Kwa hiyo kila somo nililitazama kwa maswali matatu: liko umbali gani na mpaka wa juu, liko umbali gani na mpaka wa chini, na kuvuka au kuanguka kunabadilisha nini katika lile mtoto analolitaka.

Swali la nne ndilo gumu zaidi, nalo ni bei: saa moja ya somo fulani inanunua alama ngapi? Hili haliwezi kujibiwa kwa kufikiri tu. Mwanafunzi huogopa somo na kudhani kwamba halitapanda hata akilisoma mwezi mzima, kumbe huenda ndilo ambalo lingepanda haraka zaidi, kwa sababu bado lina mashimo makubwa ya kuziba. Tuliamua kuzitumia siku tatu za kwanza kupima. Nilimtaka achague mada moja anayoiona dhaifu katika kila somo la tahasusi, afanye swali moja la mitihani ya miaka iliyopita kabla ya kuisoma, aisome kwa saa sita, kisha afanye swali jingine la mada hiyohiyo, na alisahihishe mwenyewe bila huruma.

Katika Fizikia alichagua sumaku-umeme. Kabla ya kusoma alipata 4 kati ya 20. Baada ya saa sita alipata 13. Katika Kemia alichagua misombo ya kaboni, na hapo nilicheka kimoyomoyo nikikumbuka ya kwangu. Alitoka 7 akafika 12. Katika Biolojia alichagua urithi, akatoka 13 akafika 15. Ni kipimo cha kukadiria tu, maana swali moja si mtihani mzima, lakini kilitosha kumwonyesha jambo ambalo maneno yangu yasingeweza: saa sita za Fizikia zilikuwa zimeleta alama 9 na saa sita za Biolojia, somo alilokuwa analikimbilia kila siku, zilikuwa zimeleta 2. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo Fizikia ndiyo rahisi?" Si rahisi, nikamwambia, bali hujaanza kuichuma.

Baada ya hapo tulizifungua karatasi zake za utamilifu za Fizikia. Mtihani ule uliiga muundo wa Baraza: karatasi ya kwanza alama 100, ya pili alama 100, na ya vitendo alama 50. Alikuwa amepata 41, 32 na 34, jumla 107 kati ya 250, ambazo walimu wake waliigawa ikawa 43 kwa mia. Ili afike 50 kwa mia alihitaji 125, maana yake alama 18 zaidi kwa karatasi zote tatu. Na karatasi ya pili humpa mtahiniwa maswali sita achague matano, kila swali alama 20. Mpwa wangu alikuwa amechagua matano, lakini mawili kati yake aliyaacha karibu matupu. Kumbe ule ukuta aliokuwa anauona mbele yake ulikuwa na urefu wa swali moja tu aliloliacha. Nadhani hiyo ndiyo dakika aliyoacha kuiogopa Fizikia, ingawa nilikuja kugundua baadaye kwamba hilo nalo lilikuwa na gharama yake.

Alisaidiwa pia na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza huzichapisha kwa kila somo na kuziweka katika tovuti yake bila malipo. Humo huelezwa, swali kwa swali, watahiniwa walifanya vizuri wapi na walikosea nini, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Nashangaa kwamba wanafunzi wengi huzunguka wakitafuta vitini vya kunukuu wakati taarifa hizo zipo.

Hesabu ya saa ndiyo iliyofuata, na hapa ndipo ratiba nyingi hudanganya. Mpwa wangu alisema ana wiki saba kamili kuanzia siku atakaporudi shuleni, na kwamba siku za kazi, ukiondoa vipindi, anapata saa tatu zake mwenyewe, Jumamosi saa sita, Jumapili saa nne. Hiyo ni saa 25 kwa wiki, na kwa wiki saba ni saa 175. Lakini Ramadhani mwaka ule ilikuwa inaanza kuelekea mwishoni mwa Machi na kwenda hadi baada ya tarehe 20 Aprili, yaani zaidi ya nusu ya muda aliobakiwa nao. Mtu aliyefunga, akaftari, akaenda tarawehe, haketi prepo ya usiku akiwa na akili ileile ya siku nyingine. Kulikuwa na usafi wa bweni, kukatika kwa umeme, siku ya kuumwa ambayo haikosi, na Idi yenyewe. Tulipunguza sehemu moja kati ya tano, zikabaki saa 140. Aliona kama nimemnyang'anya. Nilimwambia kwamba saa 35 hizo hazikuwahi kuwa zake, na kwamba ratiba inayozihesabu huanza kuchelewa kuanzia wiki ya kwanza, na ratiba iliyochelewa huachwa.

Tukazigawa hivi: Fizikia 55, Kemia 45, Biolojia 22, BAM 10, GS 8. Tulibishana sana juu ya namba za katikati. Yeye alitaka Kemia ipunguzwe kwa kuwa ilihitaji alama mbili tu; mimi nilisisitiza kwamba alama mbili zinamfikisha kizingitini tena, mahali pale pale ambapo Biolojia imesimama, na kwamba Kemia kwa kipimo chetu ilikuwa bado inauza alama kwa bei nzuri, alama 5 kwa saa sita. Biolojia tuliipa 22, si kwa ajili ya kupanda, bali ili isianguke. Kuhusu GS, kuna wanafunzi ambao huidharau kabisa kwa kuwa haihesabiwi katika daraja, na kuna wengine ambao, kwa kuwa kwa kawaida ndiyo hufungua pazia siku ya kwanza, huitumia wiki nzima ya mwisho. Saa 8, nyingi zikiwa za kuandika insha moja moja kwa kutazama saa, zilinitosha. Kwa BAM sina la kueleza zaidi. Aliiweza vya kutosha.

Mpangilio wa saa hizo ndani ya siku ulikuwa jambo jingine, nalo kwa maoni yangu lina uzito karibu sawa na idadi yake. Saa moja ya Fizikia baada ya daku, alfajiri, bweni likiwa limetulia, si saa moja ya Fizikia saa nne usiku baada ya tarawehe. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba alfajiri ni ya Fizikia, siku zote, na usiku ni wa mambo yasiyohitaji kuvunja kichwa, kama kuandika insha ya GS au kuchora michoro ya Biolojia bila kutazama kitabu. Saa 22 za Biolojia tulizikatakata vipande vya nusu saa, vikatawanywa wiki zote saba, badala ya kuzilundika katika siku tatu za mwisho. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, jinsi mtu anavyosahau kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, na jinsi marudio yaliyotawanywa yanavyoshikilia kumbukumbu kuliko marudio ya mkupuo. Kwa somo unalolijua na unalotaka tu lisikuponyoke, marudio ya nusu saa mara kwa mara yanatosha.

Jambo la mwisho tulilorekebisha ni kile alichokuwa anakifanya ndani ya saa yenyewe. Vitabu vyake vilikuwa vimepakwa rangi ya njano karibu kila mstari, na alipokuwa anasoma alikuwa anarudia kuipitia ile mistari huku midomo ikicheza. Nilimweleza juu ya jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, lililochapishwa mwaka 2006: wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao, badala ya kurudia kusoma, walifunga karatasi na kujaribu kukumbuka. Yeye alikuwa na mtihani wa wiki saba mbele, si wa dakika tano. Tangu siku hiyo saa yake iligawanyika: dakika 20 za kusoma, dakika 40 za kuandika bila kitabu. Alilalamika kwamba inachosha, na ni kweli inachosha.

Nilimpa daftari dogo la duka la pembeni, nikamwomba jambo moja tu: kila akimaliza, aandike somo na muda aliousoma kweli, si uliopangwa. Hakuna wa kumkagua. Siku ya tisa alipanda basi, nami nikarudi kwenye ramani zangu.

Matokeo yalitoka Julai. Dada yangu alinipigia simu akilia, na kwa dakika nzima sikujua kama ni kilio cha heri au cha shari. Fizikia C, Kemia D, Biolojia C. Pointi 10, daraja la pili. Kwa hesabu ya Tume, pointi 8, na mlango wa kuomba udaktari ulikuwa wazi. Fizikia ilikuwa imepanda gredi mbili, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kemia, ambayo tuliitabiria kupanda, haikupanda. Na Biolojia, somo alilolipenda tangu kidato cha kwanza, ilikuwa imeteremka kutoka kwenye kizingiti kile kile nilichomwonyesha.

Alikuja Morogoro mwezi huohuo, na safari hii alikuwa na begi moja tu. Baada ya shikamoo na marahaba alitoa lile daftari dogo kabla sijaliuliza. Tulikaa barazani tukajumlisha. Fizikia saa 66, Kemia 36, Biolojia 13, BAM 6, GS 5. Jumla 126, kwa hiyo katika kukadiria muda wote hatukukosea sana. Nilirudia kuzipitia kurasa za Aprili. Vipande vya nusu saa vya Biolojia vilikuwa vinaonekana vizuri hadi wiki ya tatu, kisha vikaanza kuruka siku, na kuanzia katikati ya Ramadhani karibu kila mahali palipotakiwa kuwa na Biolojia au Kemia paliandikwa Fizikia, wakati mwingine hadi saa mbili kwa mpigo.

Nilimuuliza kilitokea nini. Aliinamisha kichwa, akawa anachezea kona ya daftari.

"Mjomba, Fizikia ilianza kuninogea."

Ndipo nikamsimulia habari ya karatasi ya manila na kalamu za rangi tatu, ambayo nilikuwa nimeificha tangu Machi.